Maji Baridi Mpaka Mstarini

Hosteli, chumba namba tisa,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeipokea umenuna. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na lile goti linalokusumbua ukisimama sana mbele ya mashine za kufulia? Dada hajambo? Watoto wake je, na yule mdogo ameacha kula chaki? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda darasani, na kile kikohozi kimeisha. Moyo ndio siuwezi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimejaribu mama. Kila nikipiga unasema upo, unasema unamshukuru Mungu, halafu unampa dada simu kabla sijameza mate. Nami nikiisikia sauti yako imepoa hivyo, maneno yote niliyoyapanga yananitoka, naanza kuulizia habari za mvua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku kwa sababu sinyamazi, lakini kwa jambo hili nimenyamaza miezi miwili. Leo nasema.

Niruhusu nianze mbali kidogo, kwenye lile tangi, kwa sababu sijawahi kukueleza limetoka wapi na kwa nini nililing'ang'ania vile. Tangi lilikuwa la kinyozi wa hapa chini ya hosteli. Alikuwa ameliweka dukani kwake na samaki wa plastiki ndani, likapata ufa, akalitoa nje, likawa la kutupia taulo chafu. Nikamwomba. Akasema nichukue, ila nimwandikie ubao mpya wa bei za kunyoa, kwa mwandiko mzuri. Nikamwandikia. Ufa nikauziba kwa gundi ya mafundi vioo, nikakaa siku tatu nikilikodolea macho kama linavuja. Meza sikuwa nayo, nikapanga matofali nikaweka ubao juu. Taa ni hii hii ya kusomea. Pampu ilikuwa ya mwanafunzi aliyemaliza chuo, inakoroma kama mtu mwenye mafua, na hita ya kupasha maji joto niliinunua kwa mtu aliyeniapia kuwa ni nzima, na ajabu ni kwamba ilikuwa nzima kweli.

Wenzangu wote wa kozi yetu ya ufugaji wa samaki walichagua mradi wa samaki wa maji baridi. Hao ukiwa na beseni na makombo ya mkate, umefuga. Mimi na kimbelembele changu nikachagua samaki wa bahari, na samaki wa bahari mama ni deko tupu. Chumvi yao si hii ya jikoni, ni chumvi maalumu inayouzwa kwa ndoo, na ndoo moja ilitaka chakula changu cha mwezi mzima. Nikachanga na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, tukaigawana kwa kikombe, huku kila mmoja akimchunga mwenzake asijaze kwa kilima. Maji ya bomba nayo hayafai, yana dawa. Mtunza maabara alinihurumia akawa ananiachia maji yaliyochujwa, nami nayabeba kichwani ngazi kwa ngazi mpaka huku juu. Halafu ukishayapata maji, samaki huweki! Unasubiri wiki sita yakomae, yajijengee vijidudu vinavyokula uchafu. Wiki sita nimekaa natazama maji na mawe. Hosteli nzima wakaniita Mfuga Maji.

Samaki wenyewe nilipewa bure kwenye banda la kuzalishia la chuo, wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja alikuwa na pezi lililopinda, mwenzake amedumaa, hawauziki. Ulipowaona mara ya kwanza uliuliza wataiva lini. Nikakwambia hawaliwi, ni wa kutazama na kusomea, ukacheka ukashika mbavu, ukasema umesomesha mtoto aje alishe samaki asiyeingia sufuriani. Lakini jioni ile ile ulikuwa umevuta kiti mbele ya kioo. Ukawaita Wakwe, kwa sababu wanakutazama tu bila kusema kitu, na wakiona chakula ndipo wanakuchangamkia. Mpaka leo wenzangu hapa hulitumia jina hilo.

Basi nikapangiwa wiki mbili za mafunzo kwenye shamba la samaki, na mwenzangu wa chumbani naye akawa ameenda kwao. Wewe ulikuwa na likizo yako, ukasema utakuja kukaa na Wakwe. Nakiri nilikuwa na wasiwasi. Nilikwambia nitakuchorea picha, au dada awe anakupigia simu kila asubuhi kukukumbusha. Ulinikatiza hapo hapo. Ulisema wewe si mtoto wa chekechea, una mwaka mzima na miezi mitatu kwenye darasa la watu wazima, mimi niandike na wewe utasoma. Nikaandika. Uliipokea karatasi kwa mikono miwili, ukaisoma midomo ikichezacheza, ukaibandika ukutani mwenyewe, ukaibandua na kuirudisha mara mbili mpaka ikakaa sawa. Baadaye sana dada aliniambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yako ya kwanza kuandikiwa na mtoto wako ukaisoma bila mtu. Sikujua mama. Nilikuwa nimeiandika nimesimama, begi begani, nawahi gari.

Niliporudi ile Jumamosi mchana nilikukuta umekaa pembeni mwa kitanda, umevaa nguo za safari, mkoba uko mapajani. Tangi lilikuwa na maji tu. Wakwe ulikuwa umewaweka kwenye bakuli na kuwafunika kwa leso safi, ukaniambia mmoja alitangulia na mwenzake akafuata siku ya pili yake, na hukutaka kuwatupa kabla sijawaona. Sikukuuliza hata umelalaje. Nilichukua kipimo nikapima chumvi, nikakuta imepanda kupita kiasi. Nikatazama yale madumu yangu mawili. La pembeni, lenye maji niliyokwisha kuyachanganya na chumvi, lilikuwa limebaki tone. La dirishani, lenye maji matupu, limejaa vile vile nilivyoliacha.

Siku ile sikukueleza, nilipayuka tu, kwa hiyo nikueleze sasa. Maji ya tangini hukauka kidogo kila siku, lakini chumvi haikauki, inabaki. Ni kama mboga ikisahauliwa motoni, mchuzi unapungua na chumvi inakolea. Kwa hiyo kila asubuhi unarudishia maji matupu, mpaka kwenye ule mstari mwekundu niliouchora kiooni. Ukirudishia ya chumvi, vikombe vinne leo, vinne kesho, kwa wiki mbili, samaki wanamalizika. Na ndivyo ilivyokuwa.

Maneno niliyokutolea nayakumbuka yote, na nayaandika ili usije ukadhani nimeyasahau. Nilikuuliza kama huko darasani mnakwenda kusoma au kupiga soga. Nilisema nimekuandikia mstari mmoja, mstari mmoja tu, ambao mtoto wa darasa la pili angeusoma huku anaruka kamba. Nilisema nilijua tangu mwanzo. Wewe mama yangu, uliyenitia adabu kwa jicho tu miaka yote, siku hiyo hata jicho hukunikazia. Ulisema kwa sauti ya chini kwamba ulisoma, na ulifanya kama ilivyosema. Ukaniomba karatasi uone ulipokosea. Nami nikaenda ukutani kuibandua, nia yangu nikukomeshe nayo. Nikarudi mikono mitupu. Nikakwambia imelowa, imechanika, nimeitupa, lakini iliandikwa wazi kabisa kwamba uongeze maji ya dumu la dirishani. Ukasema basi macho yako yaliona vingine. Asubuhi ukaondoka na gari la kwanza.

Kesho yake nikisafisha nyuma ya tangi nikakuta daftari lako. Hukuniambia kama ulikuwa unaandika. Siku kumi na nne zote, hujaruka hata moja, kwa zile herufi zako zinazopanda mlima. "Jumatano. Maji vikombe vine. Samaki wazima. Mimi mzima." "Ijumaa. Maji vikombe vine. Wakwe wamekula." Siku ya kumi ukaandika samaki mdogo hataki chakula. Siku ya kumi na moja ukaandika, "Nataka kupiga simu. Naogopa ataacha kazi arudi." Siku ya kumi na mbili, "Mkwe mkubwa amelala chini. Nimemwambia amka." Na siku ya mwisho mama, tangi tupu, umeandika, "Samaki hakuna. Nimeongeza maji." Uliongeza kwa sababu karatasi ilisema kila asubuhi. Nililifunga daftari nikalisukuma chini ya godoro, na bado sikukupigia.

Tena nilifanya ubaya zaidi. Mradi ulitakiwa kuwa na taarifa, na mwalimu wetu wa mradi ni yule mzee tunayemwita Bwana Ushahidi, kwa sababu hata ukimwambia jua limechomoza atakuuliza ushahidi uko wapi. Mahali pa kueleza sababu ya vifo niliandika kwamba msaidizi niliyemwachia samaki hajui kusoma vizuri. Ndivyo nilivyoandika mama. Msaidizi ni wewe. Akaniuliza maelekezo niliyomwachia huyo msaidizi yako wapi, nikasema yamepotea. Akaguna, akanipa alama za kupita, na wenzangu wakanipa pole. Pole hizo nilizipokea.

Nilidhani yataisha yenyewe. Nilijiambia mama atasahau, atacheka, atawasimulia wenzake kule kazini habari za Wakwe. Mpaka dada aliponipigia Jumanne. Aliniambia umeacha darasa tangu ulipotoka huku. Aliniambia mwalimu wako alikuja nyumbani mara mbili, mara ya pili ukajifungia jikoni ukamtuma mtoto aseme unaumwa. Aliniambia kwenye kuchukua dawa za mgongo walikupa kalamu utie sahihi, ile sahihi uliyoifanyia mazoezi mpaka nyuma ya kalenda, ukaisukuma kalamu ukaomba wino wa kidole gumba. Hapo nilikaa chini. Halafu akaniambia la stoo. Kumbe msimamizi wenu wa chumba cha kufulia hapo hospitali alitaka akukabidhi stoo ya sabuni na dawa za kufulia, uache kusimama kwenye mashine, ukae kwenye kiti, mgongo upumzike, na wewe umekataa. Umemwambia msimamizi kwamba unasoma kitu kikiwa hivi unakiona vile, kwamba umeua samaki wa mwanao, na siku moja utampa mtu dawa isiyo yake aiharibie hospitali mashuka yote au ajiunguze mikono. Dada anasema msimamizi ameiacha nafasi wazi mpaka mwisho wa mwezi, akitumaini utabadili mawazo, na baada ya hapo atampa mwingine.

Mama, karatasi haikulowa. Haikuchanika. Sikuitupa. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati nakudanganya, na leo imo ndani ya bahasha hii, uifungue uitazame. Niliibandua ukutani ili nikusomee kosa lako, nikaisoma kwanza mimi, nikaona mwandiko wangu mwenyewe umesema: "Mama, kila asubuhi ongeza maji baridi mpaka kwenye mstari mwekundu. Usipitishe."

Maji baridi. Hakuna dumu la dirishani. Hakuna neno dirisha popote. Sisi huku chuoni kutwa ni maji baridi, maji chumvi, samaki wa maji baridi, samaki wa maji chumvi, yaani maji baridi ni maji yasiyo na chumvi basi, hata yawe yanachemka. Limenikaa mdomoni mpaka nimesahau kwamba mtu akiambiwa maji baridi anafikiria ubaridi. Na madumu yangu yote mawili ni meupe, yamefanana, niliyanunua kwa muuzaji mmoja kwa kuwa yalikuwa ya bei rahisi, wala sikuyaandika kitu, mimi nayajua kwa mahali yanapokaa. Wewe ulifanya nini? Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari umeandika kwamba umeyashika yote mawili kwa mkono. La dirishani lilikuwa limepigwa na jua, la pembeni kwenye sakafu lilikuwa baridi. Ukachukua lililo baridi. Tena ukalifunika kwa kitambaa kibichi lisije likapata joto. Loo, mama! Nilivyosoma hapo nilitamani ardhi inimeze.

Ulisoma sawasawa. Kila neno ulilisoma lilivyo na ukalitenda lilivyo, mpaka mstarini, hukupitisha. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, nikaliona kosa langu kwa macho yangu, nikalificha mfukoni, nikakubambikia wewe. Ningesema mara ile ile tungecheka. Ila nilikuwa nimeshapayuka, nikaona aibu kurudi nyuma mbele yako, na kuikimbia aibu ya dakika moja nikakuondolea kitu ulichokitafuta miaka yote ya utu uzima wako. Najichukia kwa hilo. Silisemi ili unibembeleze.

Juzi nilijikaza nikaenda kwa Bwana Ushahidi na karatasi na daftari lako, nikamwambia yote. Alisoma karatasi, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani. Akasema katika mradi mzima kitu pekee cha kuaminika ni hili daftari. Akasema ameona watafiti wenye vyeti wanaruka siku na kujazia uongo, na huyu mama aliandika hata siku isiyokuwa na samaki. Akaniuliza umesoma wapi. Nikamwambia kwenye darasa la jioni nyuma ya zahanati. Alama zangu amezifuta, nitaurudia mradi muhula ujao, na kwenye taarifa mpya nitaandika kosa ni la nani. Nilistahili, wala usinihurumie. Daftari nitakuletea mwenyewe, siwezi kulitia kwenye bahasha likapotea.

Jumamosi hii nakuja. Nataka twende wote kwa msimamizi wako, nisimame mbele yake na wenzako wa mashine wakisikia, niseme haya niliyoyaandika. Ukikataa nisiende, sitakwenda. Ukitaka kunichapa, fimbo utaichagua wewe. Msamaha siwezi kuudai kwa karatasi, nikishajua karatasi zangu zina maneno gani. Ila stoo usiiache ipite, na darasa lisikupite, kwa ajili ya uongo wangu.

Jambo moja zaidi. Dada usimgombeze. Nimemwambia akukabidhi bahasha hii haijafunguliwa, na ukimwomba akusomee akatae, hata ukimkasirikia, hata ikuchukue siku tatu. Nilimwapisha. Kwa hiyo kama umefika hapa mama, umefika peke yako, kurasa saba, na hakuna aliyekuambia neno hili ni lipi. Sasa nenda kamwambie msimamizi kwamba hujui kusoma, nione atakavyokuamini.

Nisalimie dada na mumewe, watoto wote, na mwalimu wako ukimwona njiani, usimkimbie. Wenzako wa kufulia wape salamu zangu, waambie Chiriku anakuja Jumamosi na ana maneno. Jikande goti kwa maji ya moto.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako, niliyekukosea,

Chiriku